Damu ya Bwana Usafi

Nilimpima bosi wangu kwa siri. Tena kwa furaha.

Mimi ni mtu wa maabara. Tulikuwa kwenye utafiti wa homa ya ini aina B: tunapima zile protini ambazo seli za kinga hutumiana kwenye damu kupeana taarifa, kisha tunalinganisha wagonjwa na watu wenye afya.

Wenye afya walikuwa kumi. Wa kumi ni bosi mwenyewe.

Tulimwita Bwana Usafi. Vitasa alishika kwa leso. Dada mfagizi alipokutwa na virusi hivyo, alimtoa chumba cha chai, eti atatuambukiza kwa vikombe. Msomi mzima! Virusi hupita kwenye damu, kwenye ngono, kwa mama anapojifungua. Kikombe kinahusikaje?

Nilimdharau tangu siku hiyo. Ila mdomo niliufunga, nikaendelea kunywa chai.

Sasa protini za chupa namba kumi, yenye jina la bosi, zikaja juu kama za wagonjwa. Nikarudia, vilevile. Protini peke yake hazisemi unaumwa nini, basi nikachukua tone nikapima virusi vyenyewe, bila ruhusa.

Vimo.

Nikajisemea, leo Bwana Usafi atanitambua. Nikamwita dada mfagizi aje ashuhudie, nikaingia ofisini kwa bosi, nikasoma majibu taratibu, kwa sauti.

Bosi hakubisha. Alijifuta jasho.

"Ile damu si yangu," alisema. "Naogopa sindano. Unakumbuka muuguzi alipojaribu sindano mpya kwenye mkono wako? Chupa ya damu yako ilibaki mezani. Nikabandika jina langu."

Nikavuta kiti, nikakaa.

Dada mfagizi ndiye aliyeongea.

"Pole, kaka. Kesho nakupeleka kliniki ninayokwenda. Ukiwahi, ini linatunzika."

Nikamuuliza kwa nini anihangaikie.

"Wewe hukunifukuza."

"Lakini sikukutetea."

"Najua," akasema.

Hilo neno lilinichoma kuliko majibu.

Bosi kaondolewa kwenye utafiti, na amestahili. Ila mjinga mwenzake ni mimi. Kazini tulitakiwa kupimwa kisha tuchanjwe. Nikajaza fomu kwamba nimeshachanjwa, nisisumbuliwe. Mtu wa maabara, napima damu za watu mwaka mzima, yangu siijui!

Kapimeni, jamani. Usipokutwa navyo, uchanjwe. Na ukiona mwenzako anaonewa, sema siku hiyohiyo, maana kumdharau mwonevu kimoyomoyo hakumsaidii mtu.