Bibie wa Kijapani kwenye Gari la Baba

Ilianza Jumamosi, saa nane kasorobo mchana, baba alipopiga honi mbele ya nyumba yetu Tandika na kutangaza kwamba anayetaka kuonyeshwa njia na setelaiti aingie garini.

Tuliingia wote. Baba kwenye usukani, mama na bibi mzaa baba nyuma, na mie mbele, kwa sababu bibi anasema kiti cha mbele kinamtia kizunguzungu. Mapajani nilikuwa na doti mbili za khanga za zawadi. Tulikuwa tunakwenda Kunduchi kwenye ndoa ya dada yangu, binti wa marehemu baba mkubwa. Kwa kuwa baba yake hayupo tena, walii wake ni baba yangu, yeye ndiye wa kumwoza. Watu wa kule walishamwambia kama ana shughuli amkabidhi mtu mwingine, baba akakataa kabisa. Alisema siku wakikutana na kaka yake huko mbele ataulizwa. Ndoa ilipangwa baada tu ya sala ya alasiri, na shehe alishatuma salamu kwamba hangoji mtu, ana ndoa nyingine Bagamoyo na anataka kuwa njiani kabla ya magharibi.

Dada alikuja kwetu wiki ile, akanishika mkono jikoni. Akaniambia, "Mdogo wangu, nakutegemea wewe. Baba mdogo asichelewe."

Sijui kwa nini alinichagua mie. Nasoma kidato cha tatu, na mwalimu wetu akiita majina asubuhi huwa naandikwa sikuwepo ilhali nimekaa dawati la pili, maana "nipo" yangu haifiki ubaoni. Nyumbani nikiomba chumvi mezani, mama anasema kuna mbu anapita.

Lakini dada alinielekeza vizuri. Wao wamehamia Kunduchi mwaka huu tu, zamani walikuwa Segerea, na kwetu hakuna aliyewahi kufika kwenye nyumba mpya. Alisema tushike barabara ya Bagamoyo mpaka kwenye kibao cha hoteli ya ufukweni chenye samaki wa bluu, tukate kulia, halafu tuulizie nyumba yenye mti mkubwa wa mkungu. Tukiona kiwanda cha saruji cha Wazo na majani ya miti yamekuwa meupe kwa vumbi, basi tumepitiliza. Baba nilipomweleza jioni yake, alinisikiliza mpaka mwisho, akacheka, akasema gari lake halihitaji samaki.

Gari lenyewe lilikuwa halijamaliza mwezi. Baba anauza matairi, na siku hizi kila mwenye duka dogo analeta gari la mtumba la Kijapani kupitia Dubai, naye hakutaka kubaki nyuma. Hili lake lina kioo katikati ya dashibodi, kama televisheni ndogo, na aliyemuuzia alimwambia kinaongea na setelaiti huko juu, dereva anaonyeshwa njia popote alipo duniani. Hakumwambia kwamba ramani iliyomo ni ya Japani peke yake. Kwa hiyo pale Tandika, mbele ya mlango wetu, mshale wetu ulikuwa umesimama katikati ya bahari. Baba alisema kitazoea. Mama alikuwa ameshakifunika kwa kitambaa cha kufuma, kama kile cha redio ya sebuleni, na kila safari baba alikuwa anakikunja pembeni ili aone.

Halafu kulikuwa na yule mwanamke. Ukiwasha gari anakusalimu kwa Kijapani, sauti laini kama ya muuguzi. Ukienda kidogo anaongea tena, wakati mwingine neno moja, wakati mwingine maelezo marefu. Baba alishatunga kanuni yake: akisema kwa kifupi tuko sawa, akisema kwa kirefu tumekosea. Bibi yeye alikuwa anamwita bibie, na alimjibu kila alipoongea, kwa sababu alisema si adabu mtu akusemeshe halafu unyamaze.

Tulipita ile barabara ya malori ya bandarini mpaka Ubungo. Bibie alisema kwa kifupi, baba akatingisha kichwa. Bibi akamwambia ahsante mwanangu, nawe umekula? Mama alicheka mpaka akashika ushungi. Kwenye kioo mshale wetu ulikuwa umetoka baharini, unapanda mlima.

Pale Mwenge ndipo mambo yalipoharibikia, ingawa wakati ule tuliona yamenyooka. Tuliposhika barabara ya Bagamoyo tukapitwa na msafara wa harusi: pikapu ya matarumbeta mbele, gari lenye maua, na magari mengine nyuma yamewasha taa. Mama akasema ndio hao. Alikuwa ameambiwa upande wa bwana harusi watatokea Mwenge na matarumbeta yao. Baba alifurahi, akawasha taa naye, akajipachika mkiani. Sasa alikuwa na setelaiti na matarumbeta.

Kusema kweli ilikuwa raha. Watoto walikimbia pembeni ya barabara wakicheza, akina mama wa sokoni walipiga vigelegele, na bibi alitoa mkono dirishani akapunga kama yeye ndiye bibi harusi. Nilikuwa nahesabu vibao. Kibao cha gereji, kibao cha kanisa, kibao cha chuo cha ushonaji. Kisha nikamwona samaki wa bluu, mkubwa, anatabasamu, na mshale wa kuelekea kulia.

Nilisema. Naandika hapa kwamba nilisema. Nilisema, "Baba, ni hapa." Lakini pikapu ilikuwa imepandisha tarumbeta, na bibie naye aliamua saa ileile kutoa hotuba ndefu kuliko zote za siku hiyo.

Mama akauliza kama kuna mtu kasema kitu. Bibi akamjibu ni huyu bibie, leo ana maneno. Baba, ambaye kwa kanuni yake mwenyewe alitakiwa asimame, alisema ni kelele zake tu, wenye shughuli wako mbele yetu. Samaki akabaki nyuma. Nilikaa na lile neno mdomoni, nikajiambia labda wana njia nyingine ya magari, labda dada alinielekeza ya miguu. Nikayatazama majani ya miti. Yakaanza kuwa meupe.

Msafara uliingia kushoto, ukapanda kilima, ukasimama kwenye nyumba iliyofungwa turubai. Tulipokelewa kwa heshima ambayo sijawahi kuiona. Kwenye harusi mgeni haulizwi ametoka wapi, aliyekuja amekuja. Kijana mmoja alimfungulia baba mlango, akampa shikamoo, akamwongoza kwenye majamvi ya wanaume mbele kabisa, pamoja na wazee, kwa sababu ya kanzu yake mpya na gari lake. Baba yangu hakuwa anamjua bwana harusi kwa sura. Walioleta barua ya posa walikuwa wajomba zake tu, na baba alidhani hawajafika. Sie wanawake tulizungushwa uani. Bibi akapewa kiti chenye mto, kahawa na tende. Mama akawa anageuza shingo huku na huku.

"Mbona simwoni mama mkubwa wako?"

Mama mmoja mwenye mwiko mkononi akamjibu kwamba mama wa bibi harusi yuko ndani na mwanawe. Basi mama akanisukuma na zile doti, niende nikampe dada na kumwambia tumefika.

Nilibisha hodi kwa sauti yangu ile, hakuna aliyejibu, nikafungua. Kitandani alikaa msichana miguu juu ya mto, hina yake imekolea, somo wake, yule wa kumfunda, anamfukiza udi. Alikuwa mzuri sana na sikuwahi kumwona maishani.

Akaniuliza mie ni wa nani. Na pale niliposimama, kupitia dirisha lenye wavu, nikaisikia sauti ya shehe kwenye kipaza sauti nje. Aliuliza, "Walii yupo?"

Kisha sauti ninayoijua kuliko zote, nzito, ya mtu aliyejiandaa wiki nzima:

"Nipo, shehe."

Sikumbuki vizuri nilivyotoka. Najua nilipita katikati ya masufuria. Mama aliniuliza nini, nikapita. Mlango wa uani unatokea moja kwa moja kwenye turubai, na pale kizingitini kulikuwa na bahari ya viatu, na mbele ya viatu bahari ya kofia. Sijawahi kupita mbele ya wanaume wengi hivyo, hata kwa kupeleka maji. Baba alishasogea mbele, wazee wakidhani walii amemkabidhi. Alikuwa amekaa magoti kwa magoti na bwana harusi wa watu, mkono wa kulia umenyooshwa tayari kushikwa, na shehe anakohoa ili aanze.

Nikavua viatu, nikaingia jamvini. Mzee mmoja akanishika upindo wa gauni akaninong'oneza, "Binti, huku wanaume." Nikaendelea. Nilipofika karibu nikataka kunong'ona, nikafikiria samaki wa bluu, nikafikiria kwamba nikisema kama siku zote dada yangu atabaki bila walii na huyu mwingine atakuwa na wa ziada. Basi nikasema kwa sauti ambayo sikujua ninayo, na kipaza sauti cha shehe kikaichukua na kuitupa mpaka kwa majirani.

"Baba, bibi harusi si wetu."

Baba alinitazama mie, akamtazama bwana harusi, ambaye alikuwa amerudisha mkono wake taratibu kifuani. Shehe akamuuliza baba kwa upole anamwoza nani. Baba akataja jina la dada. Shehe akasema hapa hayupo mwenye jina hilo. Na saa hiyohiyo akatokea mzee mwembamba, mikono na miguu inachuruzika maji, walii mwenyewe, alikuwa amekwenda kutia udhu. Akaona nafasi yake imekaliwa.

Baba alisimama, akaanza kuomba radhi. Yule mzee alipoelezwa, alimtazama baba kuanzia kofia mpaka miguu, akasema, "Ungengoja hata nikaushe miguu, ndugu yangu." Hapo ndipo turubai lilipopasuka kwa kicheko. Bwana harusi alicheka mpaka kofia ikamwanguka. Baba mwisho akacheka naye, akashikana mikono na yule mzee, na shehe akasema tuwahi, alasiri ilikuwa imeshasaliwa kitambo.

Hawakutuacha tuondoke mikono mitupu. Yule mama wa mwiko alimjazia mama pilau kwenye hotipoti la maua mekundu, akasema chombo tutakirudisha siku yoyote. Bibi alimalizia kahawa yake kwanza. Alisema wala haoni kosa, watu wale ni wazuri, na dada yangu angeolewa tu hata kesho. Mama akamwinua.

Garini bibie alitusalimu kama kawaida. Baba akakifunika kioo kwa kitambaa cha kufuma, akanigeukia.

"Haya, mwanangu. Sema."

Nikasema. Nikamwambia arudi mpaka kwenye samaki, na akateremka kilima kile mbio mpaka bibi akaanza kusoma dua. Kwenye kibao tukakata kushoto, maana sasa tulikuwa tunatokea juu, na pale njia ikagawanyika. Nikashusha kioo cha dirisha. Kulikuwa na mama anauza samaki wa kukaanga. Nikampa shikamoo, nikamuuliza nyumba ya harusi yenye mkungu, na alinisikia mara ya kwanza. Bibie alikuwa anaendelea kuhutubia chini ya kitambaa, nami nikaongea juu yake.

Shehe alikuwa mlangoni, kiatu kimoja kimeshaingia mguuni. Alipoliona gari akakivua. Sikuona ndoa yenyewe kwa kuwa nilikuwa ndani kwa dada, amenishika mkono vilevile kama jikoni, vidole vimejaa hina. Dirisha lao nalo lina wavu. Tulisikia shehe anauliza walii yupo, na baba hakujibu upesi. Baadaye mama alinieleza kwamba aligeuka kwanza kutazama kama nimekuja.

Dada akaniuliza kwa nini nalia na kucheka. Nikamwambia nitamweleza akitoka fungate.

Leo Jumapili niliamka kabla ya wote. Nikaliosha lile hotipoti la maua mekundu, nikalikausha, na kwa kuwa chombo cha watu hakirudi kitupu, nikalijaza vitumbua nilivyopika mwenyewe, na halua ya harusini kwetu nikaifunga pembeni kwenye karatasi. Baba akatoka na funguo, anapiga miayo. Nikakaa mbele. Bibie akatusalimu chini ya kitambaa, na kabla hajaendelea nikasema, "Baba, hapo mwisho kata kushoto."

Baba akawasha indiketa.