Amri ya Kisimani

Mume wangu alirudi likizo kutoka kaskazini mtoto wetu wa kwanza akiwa na miezi minne, na siku zote alizokaa nyumbani hakumgusa. Nasema hakumgusa. Alimtazama, alimchekea, alimpigia mluzi kutoka upande wa pili wa ua, lakini nilipomnyooshea mtoto ambebe, aliweka mikono nyuma kama mtu anayekaguliwa na sajini wake.

Siku ya kwanza nikasema ni uchovu. Siku ya pili nikasema labda alitaka mvulana. Siku ya tatu nikaanza kukasirika, na mimi nikikasirika hata sufuria hujua. Alikuwa amechinjiwa kuku, akala firigisi yake bila shida, akala obusuma, ugali wa kwetu, mpaka akalegeza mshipi. Kuku alishikika. Mtoto ndiye hakushikika.

Mama mkwe ndiye aliyenifungua macho. Alikuwa mtu wa kanisani kila Jumapili, na hakuacha hata moja ya mila za kwao. Tukianika wimbi uani aliniambia kwamba kwao Isukha mtu aliyemwaga damu vitani hashiki mtoto mchanga wala mbegu mpaka aoshwe, la sivyo mtoto hudhoofika na mbegu haioti. Nikamwambia hayo ni ya zamani za mikuki. Sasa tuna bendera yetu, tuna serikali yetu, na mume wangu ni askari wa serikali hiyo. Akanijibu kwamba yeye hakuwa amemwambia mwanawe lolote. Mwanawe alikuwa amekumbuka mwenyewe.

Nilipomuuliza mume wangu, alinijibu kwa sauti ya kambini: hana kosa, alifuata amri. Haya, nikamwambia, kama huna kosa shika mtoto. Akavaa kofia, akaenda zake Khayega kutazama mafahali wakipigana.

Basi mama mkwe akamwita mwoshaji, mzee mmoja aliyepigana vita vya Wazungu huko Burma na akaoshwa aliporudi, maana kwao haoshi ila aliyeoshwa. Alifika asubuhi akilalamika. Alilalamikia umande, akalalamikia chai, akamlalamikia kondoo kwamba ni mwembamba. Kazi yenyewe aliieleza kwa kifupi. Mtu anasema kwa kinywa chake amemuua nani na ilikuwaje. Kondoo anachinjwa, majani yaliyo tumboni mwake yanapakwa mikononi na kifuani mwa mtu huyo, anaoga mtoni, anarudi, anakabidhiwa mtoto wake mbele ya watu.

Mume wangu alisimama uani na suruali yake ya kaki iliyopigwa pasi. Mzee akamuuliza. Akajibu kwamba alifuata amri.

"Sikukuuliza hiyo. Ulimuua nani?"

"Mimi ni askari. Serikali ndiyo iliyoua."

"Basi serikali niipake wapi? Niletee mikono yake."

Shemeji yangu akacheka. Mzee hakucheka. Aliuliza mara ya tatu, akapata jibu lile lile, akafunga kisu chake kwenye kitambaa na kuondoka. Kondoo akabaki na kamba shingoni, anakula nyasi. Mimi nilitamani kulia kwa hasira, na sikujua nimkasirikie nani zaidi, mume wangu na ugumu wake au yule mzee na ukaidi wake. Wanaume wawili wazima wameshindana kwa maneno, na mtoto wangu yuko pale mgongoni mwangu.

Jumapili mhubiri wetu alitusaidia, au ndivyo nilivyodhani. Alisema askari anayewatii wakubwa wake hana dhambi, damu iko juu ya waliomtuma. Watu wakaitika amina, na mimi niliitika kuliko wote. Tulipotoka nikamnyooshea mume wangu mtoto pale pale mlangoni pa kanisa. Akaanza kusalimiana na watu. Alipomaliza kusalimiana, mikono ikarudi nyuma.

Ilibaki siku moja ya likizo. Tulikuwa tukipalilia mahindi, mtoto amelala kwenye kanga pembeni mwa shamba. Nikatupa jembe. Nikamwambia sipalilii mstari mwingine mpaka aniambie. Nilitarajia anifokee, lakini aliketi chini akaniambia yote, akiwa anang'oa magugu kwa vidole.

Waliwekwa askari wawili kulinda kisima. Amri ilikuwa mtu asichote maji bila kibali. Akaja mzee na ngamia wake mmoja. Wakampigia kelele asimame, hakusimama. Labda hakuijua lugha, labda masikio yalikuwa ya uzee, labda kiu ilimzidi. Mume wangu akampiga risasi.

"Na mwenzako?" nikamuuliza.

"Alipiga hewani."

"Kwa amri gani?"

"Ile ile."

Akaniambia kwamba yule mwenzake alifokewa kidogo tu, jioni akala chakula chake na wengine. Hicho ndicho kilichokuwa kikimchoma. "Hawakumfanya kitu," alisema. "Kama ningejua hawatamfanya kitu."

Nilimwonea huruma, na bado nilikuwa na hasira naye. Nikamwambia kesho kabla ya basi tupitie kwa mzee mwoshaji aseme hayo hayo aliyoniambia mimi, basi. Akakubali.

Asubuhi tukatoka, yeye na mfuko wake, mimi na mtoto. Penye njia ya kwa mzee akasimama. Alisema yakijulikana hayo, watu watauliza mbona mwenzake hakuua, na neno linaweza kufika kambini. Nikamwambia mzee yule hata sokoni hafiki, kambini atafikaje? Akatazama saa. Akasema basi halimngoji mtu. Nikamwita kwa jina la mtoto, Baba Fulani, rudi. Aliongeza mwendo.

Mzee alikuwa ametuona kutoka kwake. Akanijia pale njiani, akaniuliza kama mume wangu ameniambia. Alisema kama neno limeshatoka hata kwa mtu mmoja, limeanza safari. Atamtumia ujumbe, atamngoja likizo ijayo. Nilichotakiwa kusema ni ndiyo. Nikawafikiria wanawake wa Khayega watakavyonitazama. Nikafikiria mabati yetu mapya, ya kwanza katika ukoo ule, na kazi iliyoyaleta.

"Hapana," nikasema. "Hajaniambia kitu."

Akatikisa kichwa, akarudi kwake. Kabla likizo nyingine haijafika tulimzika, na hapakuwa na mwingine kwetu aliyewahi kuoshwa.

Mume wangu aliacha jeshi akarudi nyumbani mzima. Hakuwa mume mbaya. Tulipata watoto wanne na hakumbeba hata mmoja akiwa mchanga. Msimu wa kupanda yeye alichimba mashimo, mimi nikatia mbegu nyuma yake, mgongo unaniuma, na majirani walipocheka niliwaambia jeshi lilimharibu kiuno. Miaka yote hiyo nimemtetea kwa maneno yale yale niliyoyachukia siku ile uani.

Yule binti wa kwanza alipokuwa wa miaka kumi na miwili aliniuliza, tukiosha vyombo, kwa nini baba yake hakuwahi kumbeba. Nikamjibu kwamba baba alikuwa askari, alifuata amri.

"Baba amenieleza mwenyewe," akasema. "Jana, tukirudi shambani. Ya kisima, na ya mzee wa ngamia. Amesema wewe ulijua."

Akasugua sahani, kisha akaniuliza bila ubaya wowote, "Na wewe, mama, nani alikuamuru unyamaze?"

Nikamwambia afunge mdomo amalize vyombo. Akafunga, akamaliza vyombo. Ni mtoto mtiifu.