Chai ya Maji ya Mtoto

Mpaka leo sijui kama nilikosea. Nilikuwa kidato cha tatu, mama alikuwa amejifungua wiki moja tu, na bomba la ploti yetu ya kupanga pale Mwiki lilikuwa limekauka siku tisa. Mvua ya Novemba haikuja. Maji yetu yalikuwa yale baba alibeba kila jioni kutoka kiwandani Thika, mtungi mmoja wa lita tano ndani ya begi. Alikuwa ameruhusiwa, lakini aliuficha kama ameiba.

Mchana mmoja, kabla ya kulala, mama aliniambia, "Hayo ni ya uji wangu na ya kuosha mtoto. Usiguse."

Saa nane wakaja wamama watatu kuona mtoto, na njahi, yale maharagwe meusi ya mama aliyejifungua, kwenye kiondo. Kwetu anayekuja kuona mtoto haondoki bila chai. Mimi hata kusalimia watu hunishinda. Walikaa wakiangalia stovu.

"Mami, ni shule imefungwa ama ni mdomo?" akauliza jirani wa mlango wa kwanza.

Wakacheka. Ningesema tu hakuna maji. Badala yake nikamimina mtungi wote kwenye sufuria. Jirani akanywa vikombe viwili, akasema nitaolewa haraka.

Mama aliamka wakishaenda, akatingisha mtungi. Hakugomba. "Wangeenda hivyo ningeaibika," akasema, halafu akaanza kulia. Sasa hapo nielewe nini?

Baba akarudi na mtungi mtupu. Hata kiwandani maji yalikuwa yamepotea. Mtoto alikuwa amechafuka, na mama hajanywa kitu tangu asubuhi. Nikaenda mlango wa kwanza, nikasimama pale sana kabla ya kubisha.

"Ile chai," nikamwambia jirani, "ilikuwa maji ya mtoto."

Akaingia ndani, akatoka na jagi limejaa maji, limefunikwa na sahani.

"Kumbe ulikuwa nayo?" nikauliza.

"Nilitaka kuja nayo mchana. Nikaona mama yako atasema namwona maskini. Na kile kikombe cha pili nilikunywa usije ukafikiri chai ni mbaya."

Nusu ya jagi iliosha mtoto, nusu ikawa uji.

Kesho yake jioni jirani akaja kuchukua jagi lake. Baba alikuwa amepata nusu mtungi. Mama akauangalia, akaniangalia, akasema, "Mwekee chai."

Jirani akakaa.