Nilivyofungwa na Mayai Mawili

Mzee mzima alilia mbele yangu kwa sababu ya mayai mawili, na machozi yale ndiyo yaliyonifungia ndani ya nyumba ya watu karibu mwaka mzima.

Usicheke. Subiri kwanza.

Mimi ni mpishi wa asubuhi. Mchana na jioni waachie wengine, mimi nipe kikaango, mayai na watu walioamka na njaa. Mkahawa niliokuwa napikia ulifungwa, nikarudi kukaa kwa dada yangu, mimi na binti yangu mdogo. Shemeji hakusema neno, ila kila tonge nililomeza alilisindikiza kwa macho.

Ndipo akanipigia simu mwanamke mmoja mwenye duka la dawa. Watu wote wanamwita Madam, nami nikamwita hivyohivyo.

"Nasikia wewe ni mtu wa bondeni," akasema.

"Ndiyo, Madam."

"Na unapika mayai ya bondeni?"

Nikajisemea, leo makubwa. Kumbe mayai nayo yana kwao.

"Napika, Madam."

"Basi njoo. Baba yangu hataki kula."

Nilimwachia dada mtoto, maana kazi ilikuwa ya kulala hukohuko. Nilipofika Madam akanipa kisa. Baba yake alikuwa dereva wa treni mstaafu, mtu wa milimani. Mkewe alipofariki, Madam alimtoa kwake akamleta mjini, na tangu aje alikuwa anasukuma sahani tu. Wapishi wameingia na kutoka. Madam alishakata shauri kwamba marehemu mama alikuwa mtu wa bondeni, kwa hiyo mzee anakufa kwa hamu ya mapishi ya mkewe.

Hapa lazima nikueleweshe. Kwetu bondeni ni joto, asubuhi mtu hataki kitu cha kumlaza. Tunavuruga mayai upesi, nyanya nyingi, pilipili, unaepua yangali laini, unasukumia na mkate. Mtu wa milimani ukimpa hayo atakuuliza chakula kiko wapi. Kule ni baridi, wanataka yai lililoshikana na viazi, nene, la kukatwa kwa kisu. Sisi tunasema wao wanakula matofali. Wao wanasema sisi tunakunywa mayai.

Asubuhi yangu ya kwanza niliongea na binti yangu kwa simu, nikamwambia mama amepata kazi, atamletea viatu vya kuwaka taa. Nikabeba sinia. Madam akanisimamisha kwenye korido, mlango wa mzee uko wazi.

"Asipokula leo, na wewe ufunge virago kama wenzako."

Niliingia. Mzee alikuwa amekaa dirishani, mrefu, mifupa mitupu, fimbo yake katikati ya magoti. Akaitazama sahani. Akanitazama mimi. Akashika kijiko.

Tonge la kwanza tu, machozi yakamtoka.

Nikadhani nimeua mtu. Lakini akachota tena, na tena, mpaka akafuta sahani kwa mkate. Madam alikuwa mlangoni, mkono mdomoni.

"Amemkumbuka mama," akasema, akaanza kulia naye.

Sikufichi, nilivimba kichwa siku ile.

Kumbe nilikuwa nimejifungia mlango mwenyewe.

Mwezi ulipoisha niliomba ruhusa nikamwone mwanangu, kwenda na kurudi tu. Madam akanitazama kana kwamba nimeomba figo yake.

"Uende? Mzee ale nini?"

Nikasema labda ni wasiwasi wake tu. Basi nikaugua homa, sikuweza kusimama. Madam akapika mwenyewe, vilevile kama nilivyomwelekeza, nyanya, pilipili, kila kitu. Mzee akaisukuma sahani. Akakaa na njaa mpaka nilipopata nguvu ya kushika mwiko.

"Umeona?" Madam akaniambia. "Siku ukitoka hapa na baba akafa, roho yake utaibeba wewe."

Maneno hayo yaliniingia kwenye mifupa. Na kama hayatoshi, akamwagiza mlinzi. Yule mlinzi tulimwita Kufuli, maana hata akienda chooni kwanza analipiga geti kufuli, ufunguo uko mkononi.

"Dada mpishi, nisamehe," akaniambia nilipojaribu kutoka. "Bila simu ya Madam sifungui. Nina watoto nyumbani."

"Na mimi ninaye nyumbani, Kufuli."

Akainamisha kichwa. Hakufungua.

Watu wakisikia hivi wanasema ningepiga kelele, ningeruka ukuta. Acha tu. Kitanda nilikuwa nacho, chakula nilikuwa nacho, hakuna aliyenipiga. Ningemwambia nani kwamba nimefungwa na mayai? Na moyoni nilikuwa naogopa kweli. Nilimwona mzee anavyolia kila asubuhi, nikasema huyu nikimwacha ninamzika.

Tena nikagundua nikizidisha pilipili analia zaidi. Nikaona ndiyo inayomgusa. Nikawa naongeza.

Yeye mwenyewe hakuwa msemaji. "Asante, binti," basi, anageukia dirisha.

Miezi ikapita hivyo. Nikawa najua kila ufa wa ukuta wa jiko lile. Viatu vya taa nilimwagiza Madam, akavinunua, akavituma kwa dada. Vikambana mtoto kabla sijamwona amevivaa.

Halafu ikaja ile asubuhi. Mayai yako motoni, nikapiga namba ya dada. Akapokea mwanangu mwenyewe.

"Mama yangu, hujambo?" nikamwambia kwa sauti ya kumbembeleza.

Kisha nikamsikia anaita huko nyuma, "Mama! Njoo, ni yule anti wa simu."

Nilikaa chini sakafuni palepale. Sikulia kwa adabu, nililia kwa sauti, na mayai yakaungua mpaka moshi ukajaa jikoni.

Nikasikia fimbo, ko, ko, ko, inakuja na korido.

Mzee akaingia, akazima jiko, akafungua dirisha. Akaniangalia pale chini.

"Nani amekufa?"

"Hakuna, baba. Mwanangu amenisahau."

"Sasa hapa unafanya nini?"

Swali lile likanitibua. Nikasahau heshima, nikamwambia yote. "Nipo hapa kwa ajili yako! Nikiondoka hutakula, utakufa, na roho yako nitaibeba mimi. Ndiyo kazi yangu hapa, kukuzuia kufa."

Mzee akavuta kiti, akakaa taratibu.

"Binti," akasema, "mimi hayo mayai yako siyapendi."

Nikadhani sijasikia vizuri.

"Sijawahi kuyapenda. Yanateleza. Na pilipili yako, Mungu anisamehe, kila siku inanitoa machozi, na wewe kila siku unaongeza."

"Lakini mke wako..."

"Mke wangu alikuwa hapiki mayai hata siku moja. Alipenda usingizi wa asubuhi, nikawa napika mimi. Huyo bosi wako hajui, alisoma shule za bweni. Likizo akiamka, vyombo vimeshaoshwa."

"Basi kwa nini ulikuwa hauli?"

"Niligoma. Niliwaambia nataka kurudi kwangu, wakasema mzee amechanganyikiwa kwa msiba. Nikaona tumbo ndilo watakalolisikia." Akashusha sauti. "Ukaja wewe. Nilikusikia unamwahidi mtoto viatu. Nikasikia unavyotishiwa hapo mlangoni. Nikasema, huyu nikimgomea, mtoto wa watu anakosa viatu. Nikala."

"Na siku niliyougua?"

"Ningekula cha yule, si angesema huhitajiki tena?"

Hebu fikiria. Mimi nimekaa nisimuue. Yeye amekula nisifukuzwe. Hakuna aliyetaka mayai yale.

Aliyeanza kucheka ni yeye. Alicheka mpaka akakohoa, nami nikacheka huku kamasi zinanitoka.

Kisha akainuka. "Niletee viazi."

"Baba, Madam alikataza. Anasema utajiungua."

"Nimeendesha treni kwenye milima maisha yangu yote. Niletee viazi."

Akavimenya mwenyewe, maganda membamba. Akavikaanga na kitunguu bila haraka, mpaka vikashika rangi. Akapasua mayai juu yake, akapunguza moto, akafunika na sahani, halafu akapindua kwa mkono mmoja. Lilitoka tofali kweli, nene, la kahawia. Akalikata kwa kisu, akanipa kipande.

Nisiwe mnafiki. Lilikuwa tamu. Nilihisi limeshuka na kukaa mahali ambapo palikuwa patupu muda mrefu.

Madam alitukuta hapo, baba yake mdomo umejaa, jiko lina mafuta kila mahali.

"Baba! Nani amekuruhusu?"

Mzee akameza kwanza. "Mwanangu, tangu unilete hapa, umeniuliza lini ninakula nini?"

"Nilifikiri unamkumbuka mama..."

"Ninamkumbuka. Ulifikiri vizuri. Hukuuliza tu."

Madam akakaa kwenye kiti cha jikoni, na kile kiburi chote kikamwisha. Aliokota kiazi kimoja kwenye sahani ya baba yake, akakila polepole.

"Mama alikuwa hapiki?" akauliza kwa sauti ndogo.

"Kaa nikusimulie," mzee akamwambia. "Lakini kwanza mwambie Kufuli afungue geti."

Niliondoka mchana uleule. Mzee naye alirudishwa milimani kabla ya mwezi kuisha, na mpaka leo tunasalimiana kwa simu. Nikimuuliza hali, ananijibu, "Natafuna."

Ungedhani kisa kimeishia hapo.

Nilifika kwa dada, binti yangu akajificha nyuma ya gauni la dada yangu. Nikasema sawa, mimi ni mpishi. Nikampikia mayai ya bondeni, laini, safi kabisa, bila pilipili. Akayatazama, akaisukuma sahani.

"Sitaki. Mama hapiki hivi."

Mama, yaani dada yangu. Nilitaka kumwambia, mama ni mimi, kula. Neno lilishafika ulimini. Nikamkumbuka mzee na machozi yake ya pilipili.

Nikachuchumaa. "Wewe unayapendaje?"

Akawaza sana. "Ya kuchemsha. Lakini kile cha njano sitaki."

Nikachemsha, nikamenya. Akala cheupe, kiini akaniwekea kiganjani. Nikakila. Kesho yake hivyohivyo, na kesho kutwa. Kabla wiki haijaisha, alininyooshea kiini akasema, "Chukua, mama."

Dada yangu alikuwa anaosha vyombo. Akafunga bomba, akasimama hivyohivyo bila kugeuka.

Kwa hiyo msomaji wangu, kabla hujampikia mtu, muulize anapendaje. Wema usiouliza una geti lake, na mara nyingi hata aliyeshika ufunguo anafungiwa ndani.