Sufuria Moja Bila Chumvi

Wiki hii nilimpeleka mwanangu kupimwa uzito kliniki, hapa Nchelenge, ng'ambo ya ziwa kutoka Kongo. Mbele yetu alikaa mzee wa kutoka Kongo, anayekausha samaki wa chumvi kule sokoni Kashikishi. Presha yake ilikuwa imepanda tena, na muuguzi alimwambia waziwazi kwamba akiendelea na chumvi, mara ijayo ataletwa amebebwa.

"Sista, miye naachaka," mzee akajitetea. "Banapika yangu mu kasufuria kadogo. Nakula miye peke yangu, sawa mutu wa kipindupindu. Kisha mukono inajiendea yenyewe mu sahani ya batoto."

Mke wa mwanawe alikuwa amesimama kando ya mlango, ametugeuzia mgongo. Kwa heshima ya ukwe, hasemi na baba mkwe uso kwa uso.

"Sista, umuambie papa," akasema akitazama ukuta, "kuanzia leo sufuria ni moja. Siye bote tutakula bila chumvi."

"Na bwana yako?" muuguzi akauliza.

"Atazoea. Kama hapana, apike."

Benchi zima tulicheka, isipokuwa mzee. Alivua kofia, akaiweka magotini. Kisha naye akamgeukia muuguzi, aliyekuwa kati yao kama simu.

"Umuambie mutoto wangu aweke ndimu mingi. Batoto basiteseke."

Jioni nilijaribu kupika samaki bila chumvi. Tonge la pili tu lilinishinda. Ndipo nilipojua ukubwa wa kile alichotoa yule mwanamke, tena akitazama ukuta.