Shikamoo ya Mlangoni

Siku yangu ya kwanza kazini nilifundishwa namna ya kurudi nyumbani. Msimamizi wa Zamu, mama mfupi wa Kijamaika aliyening'iniza funguo shingoni kama wengine wavaavyo rozari, aliniketisha jikoni, akanimiminia chai, akasema: "Ukitoka hapa jioni usipande basi lako. Panda lolote litakalotangulia, pitiliza kituo chako, halafu rudi. Kila siku njia yake."

Nikamuuliza kama nimeajiriwa ustawi wa jamii au ujasusi. Nilikuwa na shahada ya sosholojia, na tasnifu juu ya familia ya Kiafrika ambayo ilisomwa na msimamizi wangu wa chuo na mama yangu, na mama aliishia kwenye ukurasa wa shukrani. Nilidhani familia naijua.

Msimamizi hakucheka. "Wanaume wanaowatafuta hawa wanawake hawawezi kuwafuata wao," alisema. "Wao wamejificha. Watakufuata wewe."

Jioni ile nilipanda basi la kwanza lililokuja, nikapotelea Scarborough, pembezoni mwa Toronto, na kila aliyeketi nyuma yangu nilimwona muuaji. Mmoja alikuwa mzee aliyelala na mfuko wa viazi mapajani. Nacheka sasa. Siku ile nilishuka mbio bila kugeuka nyuma.

Nyumba yetu iliitwa nyumba ya hifadhi. Ilikuwa ya matofali, haina kibao, katika mtaa wa Toronto ambao hata leo nimestaafu sitautaja. Walikaa humo wanawake waliokimbia vipigo, na mara nyingine watu wazima wasioweza kujitetea, kama bibi mmoja aliyekuwa akifungiwa chumbani na mwanawe wa kumzaa. Kila aliyeingia tulimtengenezea mpango wa usalama, yaani makubaliano kati yetu na yeye: nani anajua uliko, mlango upi utautokea mambo yakiharibika, neno gani ukilitamka kwenye simu tutajua umeshikwa.

Nilifundishwa pia sentensi. Mtu yeyote akipiga simu au akija mlangoni kumuulizia mkaazi, jibu ni moja: "Siwezi kuthibitisha wala kukanusha kwamba mtu huyo yuko hapa." Awe mume, awe padri, awe mama mzazi. "Hata kama huyo mtu amesimama nyuma yako anakaanga yai," alisema Msimamizi.

Ninyi vijana mnaoianza kazi hii mtaiona sentensi hiyo nyepesi. Kwa sisi tuliolelewa Uswahilini ni mzigo. Kwetu mtu akibisha hodi, neno karibu humtangulia hata jina lake. Salamu nazo ni mnyororo, ukishika pete ya kwanza unavutwa hadi ya mwisho. Hujambo? Sijambo. Mama hajambo? Hajambo. Mtoto? Hajambo. Umeshathibitisha kwamba kuna mama, kuna mtoto, na wewe unawaona, na hujaulizwa swali hata moja. Hili Msimamizi hakulijua. Nililigundua mwenyewe, nikawafundisha wote walioajiriwa kutoka kwetu: salamu ya mtu usiyemjua ijibu kwa niaba yako tu.

Baada ya miaka kadhaa nilihamishiwa Malton, kwenye ofisi ya kuwafikia wanawake wa maghala ya mizigo karibu na uwanja wa ndege. Kuwafikia maana yake ni kukaa kwenye kantini zao unakunywa kahawa mbaya mpaka mmoja akuamini. Huko ndiko nilikomkuta Ndeshi, binti wa Moshi. Jina hilo si lake. Mumewe nitamwita Deo, ingawa yeye hastahili kufichwa.

Deo alikuwa kipenzi cha kanisa la Watanzania nililosali mimi pia. Ndiye aliyeendesha basi dogo la kanisa. Msiba, ubatizo, mgeni wa uwanja wa ndege, Deo yupo, anafungua mlango wa basi na kuwashika kina mama mkono wasiteleze kwenye barafu. Alinisalimu shikamoo kila Jumapili huku ameinama. Siku Ndeshi aliponionyesha shingo yake chini ya skafu nilijiona mjinga wa kiwango cha chuo kikuu.

"Dada, nikisema nani ataniamini?" aliniuliza.

"Mimi."

"Wewe mwenyewe Jumapili ulimpa soda."

Alikuwa na mimba kubwa alipokubali kuondoka. Mahakama ilimpiga Deo marufuku kumkaribia, na mimi nikarudishwa nyumba ya hifadhi, kwa sababu Mkurugenzi alitaka awepo mtu wa kusema naye kwa lugha yake. Mkurugenzi alikuwa mwanamke mrefu aliyelipenda neno itifaki kama wengine tunavyopenda wali. "Wewe na mteja mnasali kanisa moja," alisema. "Kuanzia leo hakuna kanisa." Nikaacha kwenda. Kina mama wakaanza kunipigia: unaumwa? Umehamia kwa walokole?

Ndeshi akajifungua mtoto wa kike. Kitovu cha mtoto kilikuwa hakijadondoka bado, Jumamosi moja mchana, niliposikia vigelegele nje.

Kwanza nilidhani ni redio. Nikatazama kioo cha kamera ya mlangoni. Ngazi zimejaa kina mama wa kanisa langu, wamevaa vitenge vya sare juu ya makoti ya baridi, na mbele yao Mama Joyce, mwenyekiti wa umoja wao, amekumbatia sufuria iliyofunikwa kwa kanga. Nilijua kilichomo kabla hajasema. Mtori, ule mchuzi mzito wa ndizi na nyama. Mzazi wa Kichaga asiponyweshwa mtori, ukoo mzima umeaibika.

Akabonyeza kengele. "Hodi! Hodi wenyewe! Tumekuja kumwona mzazi!"

Ile karibu ilipanda kooni, nikaiuma. Nikabonyeza spika, nikaitoa ile sentensi kwa Kiingereza changu cha ofisini.

Kisha Mama Joyce akaigeukia kamera. "Heee! Huyo si Mama Imani? Mama Imani, hiyo sauti naijua, miaka yote unatuharibia sauti ya pili kwenye kwaya. Fungua, mtori unapoa!"

Wenzake wakacheka. Mimi nilikuwa nahesabu nyuso kwenye kioo. Kama hawa wamefika, nani mwingine amefika? Nikarudia sentensi.

"Unanithibitishia nini, mwanamke wewe? Nimeganda! Mama yake mzazi kapiga simu kutoka Moshi analia, eti mwanangu kajifungua kama yatima. Ndiye aliyetuelekeza."

Ndipo nilipoelewa. Ndeshi hakuutaja mtaa hata siku moja. Ila mama yake alimwambia, mwanangu, nieleze ulipo nipate kukuombea nikiona, maana sala ya gizani hupotea njia. Naye akamweleza anachokiona dirishani: paa la kijani la shule, duka la sambusa kwenye kona, mti wenye chandarua cha taa. Kwa mama ilikuwa sala. Kwa Mama Joyce, anayeijua Toronto kuliko posta, ilikuwa anwani kamili.

Nyuma yangu nikasikia ndara zikipiga ngazi. Ndeshi anashuka mbio na mtoto kifuani, uso umefunguka kama sijawahi kuuona. "Dada, wamekuja! Wamekuja kwangu!" Mkono wake ulikuwa tayari unakwenda kwenye kitasa.

Nikauweka mwili wangu mbele ya mlango. Ni mwili mkubwa, na ndiyo mara pekee nimeshukuru. "Ngoja. Wamekuja na nini?"

"Na mtori!"

"Na usafiri gani, mama?"

Tukatazama kioo pamoja. Nyuma ya vitenge, kando ya barabara, lilisimama basi dogo la kanisa. Mlango wa dereva ukafunguka. Deo akateremka taratibu, akafunga zipu ya koti, akapanda ngazi akisema samahani mama, samahani mama, nao wakampisha. Akampokea Mama Joyce sufuria kwa mikono miwili, kama kijana mwenye malezi. Akainua uso kwenye kamera.

"Shikamoo, mama," akasema.

Nimefanya kazi hii muda mrefu, nimeona visu, nimeona mlango unapigwa shoka. Sijawahi kuogopa kama nilivyoiogopa sauti ile ya upole. Ilikuwa inangoja. Kina mama nao walikuwa wanangoja, maana shikamoo haiachwi hewani. Ulimi wangu wenyewe ulikuwa upande wake. Nami nikijibu, yule mtu ninayejifanya siye atakuwa ndiye, na Ndeshi atakuwa ndani.

Sikujibu. Nikabonyeza kitufe chekundu kinachoita polisi. Ndeshi alikuwa ameketi sakafuni, amemfunika mtoto mdomo kwa kiganja, kidogo tu, asilie. Nikakiondoa kile kiganja, nikampa mtoto titi la mama yake. Tukakaa hivyo, mgongo wangu mlangoni, nje wakiendelea kubishana.

"Deo, tulikubaliana ubaki garini!" Hiyo ilikuwa sauti ya Mama Joyce, na kicheko kilikuwa kimeitoka.

"Sufuria nzito, mama."

"Uliahidi. Rudi garini."

"Nimsalimie tu mwanangu."

"Nimesema rudi garini!"

Baadaye Mama Joyce aliniambia, na machozi yakimtoka, kwamba wazo la kumhofia halikuwajia hata mmoja wao; kumbakiza garini ilikuwa kwa ajili ya amri ya mahakama tu. Dereva ni dereva. Kila mzazi waliyewahi kumtembelea, yeye ndiye aliyewapeleka. Siku ile alimnyang'anya Deo sufuria, akaikumbatia, akaingia kati yake na kengele, akasimama hapo na vitenge vyote vikamzunguka hadi polisi walipofika. Deo alishuka nao kwa adabu, akawaomba radhi majirani.

Ndeshi hakulala pale. Itifaki inasema nyumba ikijulikana, mkaazi huhamishiwa mji mwingine, na tunaobaki hatuambiwi ni upi. Alipoingia gari la kumchukua aliniuliza kama anaweza kuonja mtori ulioachwa ngazini, kijiko kimoja. Chakula kilichopita mikononi mwa mtu kama yule hakiliwi. Msimamizi alitikisa kichwa. Nikaumwaga kwenye sinki mwenyewe, ungali vuguvugu, na harufu yake ilikaa jikoni siku nyingi. "Umefuata itifaki," Mkurugenzi aliniambia. Katika utumishi wangu wote ndiyo sifa pekee aliyonipa.

Kituo changu cha mwisho kilikuwa Agincourt, kwa wazee na watu wazima wenye ulemavu wanaoshinda kutwa kwetu wakati watoto wao wako kazini. Nilicheza nao karata na kushindwa. Magoti yakaniandikia barua ya kustaafu kabla sijafikisha umri, nikaitii. Watu huniuliza kazi ile iliniachia nini. Huwa natazamiwa kusema busara. Imeniachia tabia ya kukaa kiti kinachotazama mlango, hata harusini.

Ndeshi sikusikia habari zake tena. Ndivyo inavyotakiwa. Usiku wa baridi nilijiuliza kama yuko hai, na hapakuwa na wa kumuuliza.

Majuzi nilikuwa duka moja la Agincourt nachagua ndizi mbichi. Nyuma ya bega langu mtu akasema, "Shikamoo, mama."

Ni Deo. Amenenepa kidogo. Mvi mbili tatu. Ameinama vilevile.

"Marahaba," nikasema. Safari hii ulimi ulinishinda.

"Za kustaafu?"

Nani alimwambia? "Nzuri."

"Namshukuru Mungu." Akachukua kichane kizuri kuliko changu, akakiweka kwenye kikapu changu. "Na mtoto, hajambo?"

Alilisema kwa wepesi, kama pete inayofuata kwenye mnyororo. 

"Siwezi kuthibitisha wala kukanusha," nikasema. Kwa Kiswahili inasikika kama kichaa.

Akacheka kwa upole. "Mama, kumbe bado uko kazini. Nikusindikize?"

Hakungoja jibu. Alinibebea mfuko hadi kituoni, akasimama nami kwenye upepo kama mwana mwema. Basi langu lilikuwa la pili. Nikapanda la kwanza, lililokuwa linakwenda nisikokujua, naye akanipungia mkono hadi tukakata kona.

Tulikuwa tumevuka vituo viwili ndipo wazo liliponijia polepole. Ameuliza. Miaka yote hii, na bado anauliza. Basi hajui waliko. Nikaziba uso kwa mfuko wa ndizi nikalia mbele za watu.

Mwisho wa njia dereva aligeuka. "Mama, tumefika. Unashuka?"

"Bado," nikamwambia. "Zunguka kwanza, halafu unirudishe."