Jalala la Herufi Kubwa

Mwanzoni mwa miaka ya elfu mbili nilikuwa mtu wa kompyuta katika ofisi moja hapa Mtwara, njia ya kwenda Naliendele. Barua pepe za ofisi nzima zilipitia kwenye seva yangu, kwa laini ya simu iliyokatika ovyo. Barua taka zilitumaliza, jamani! Dawa za nguvu za kiume, bahati nasibu, wajane wanaotafuta wa kurithi mali zao. Bosi akaniambia nizikomeshe au nitafute kazi nyingine.

Nikaweka chujio. Kila barua ilipewa alama za ubaya: haina kichwa, mbili; imetoka anwani ya bure, moja; herufi kubwa tupu, tatu. Ikifika tano, jalalani. Diski ilikuwa ndogo, kwa hiyo jalala lilijifuta lenyewe kila Jumapili. Wiki ya kwanza tukapumua, nami nikavimba kichwa kweli kweli.

Katibu muhtasi wetu, mama mmoja wa Mpapura, alikuwa na mtoto mmoja tu, kijana aliyekuwa akisoma India. Kila asubuhi alisimama mlangoni kwangu.

"Baba, leo kuna chochote cha mwanangu?"

"Hakuna, mama. Mitihani hiyo, si unawajua wanafunzi."

Wiki ya nne hakuuliza. Alisimama tu. Hapo ndipo nilipokumbuka! Huyu mama zamani aliandika telegramu, na mpaka leo huandika herufi kubwa tupu, mimi mwenyewe nilizoea kumtania, "Mama, mbona unatupigia kelele?" Na mwanawe alijifunza kuandika kwenye mashine yake, kwa herufi zile zile.

Nikafungua jalala. Ilikuwemo moja tu, ya juzi, haina kichwa:

"MAMA NIMEKUULIZA MARA TATU HUJIBU. BASI NIMEAMUA MWENYEWE. USINILAUMU."

Aliisoma amesimama. Hakunitukana, na afadhali angenitukana! Aliniuliza polepole, "Aliniuliza nini?"

Sikujua. Zile tatu zilikuwa zimekwisha kufutika, na hapakuwa na fundi wa kuzirudisha, mimi wala mwingine. Tulimwandikia palepale, kesho yake tena, keshokutwa tena. Kimya.

Nikaiondoa sheria ya herufi kubwa. Barua taka zikarudi zote, bosi akafoka, nikamwacha afoke. Kila asubuhi nilizifungua moja moja, wajane wote wale, nikimtafuta mtoto wa mtu.